Mkojo kama Ushahidi: Alama za Umetaboli na Watoto Wenye Usonji, kwa Kuitazama Mkomani, Mombasa

Utangulizi

Mkazi wa pwani ya Kenya hahitaji kufundishwa kwamba mkojo hubeba habari za mwili. Katika vijiji vya Kwale na Kilifi, kizazi baada ya kizazi kimemwona mtoto aliyezoea kuogelea bwawani akikojoa damu, na kikajua bila ya hadubini kuwa amepatwa na kichocho. Wazee walijua pia rangi ya mkojo wa mwenye homa ya nyongo, na mama mwenye kisukari huulizwa na mkunga kama sisimizi wanakusanyika msalani. Kwa hiyo mzazi anapoelezwa kuwa iko maabara ng'ambo iwezayo kuusoma mkojo wa mwanawe na kubainisha kwa nini mtoto huyo hasemi, hamtazami mtu usoni na hupanga vijiti vya kiberiti kutwa nzima, habari hiyo humwingia kwa wepesi. Haina ugeni wa kumshtua.

Makala haya yanachunguza dai hilo: je, mkojo wa mtoto mwenye usonji una alama za kikemia zinazomtenga na watoto wengine, na kama zipo, zina faida gani kwa mzazi aliyeko Mkomani? Mtaa huu ulioko bara ya kaskazini ya Mombasa, ng'ambo ya Daraja la Nyali, umechaguliwa kwa sababu mahususi. Mkomani ni wadi ya jimbo la Nyali, jimbo lililomegwa kutoka Kisauni na kufanya uchaguzi wake wa kwanza mwaka 2013. Humo majumba ya ufukweni na vyumba vya kupanga havitengani sana, na wengi wana jamaa Uarabuni au Ulaya. Ushauri wa tiba hufika hapo kwa simu ya shangazi aliyeko Dubai kabla haujafika kwa daktari wa watoto. Aghalabu ushauri huo huandamana na bei.

Kuhusu istilahi

Neno usonji, lililoenea kwanza nchini Tanzania, sasa limekubalika pia katika maandishi ya Kenya, ingawa wapo wanaoendelea kutumia otizimu. Lolote kati ya mawili hayo ni bora kuliko zuzu, punguani au taahira, maneno ambayo humhukumu mtoto kabla hajachunguzwa. Usonji si ugonjwa wa kuambukiza wala si upungufu wa akili, ijapokuwa huweza kuandamana na upungufu huo. Ni tofauti ya ukuaji wa ubongo inayojitokeza katika mawasiliano, katika mahusiano na watu, na katika tabia za kujirudia. Leo Kanner aliieleza mwaka 1943 huko Marekani, na Hans Asperger akaandika juu ya watoto wa namna hiyo mjini Vienna mwaka 1944.

Umetaboli ni jumla ya mabadiliko ya kikemia yanayofanyika mwilini: chakula kuvunjwa, nguvu kutolewa, chembe kujengwa, uchafu kutupwa. Kila hatua huacha mabaki, na mengi ya mabaki hayo hupitia figo na kutoka na mkojo. Alama ya umetaboli, basi, ni kemikali ambayo wingi au uchache wake unaashiria jinsi mwili unavyofanya kazi. Hapa ndipo lugha inapopaswa kuwa na nidhamu. Alama si sababu. Moshi unaotoka nyuma ya nyumba waweza kuwa wa jiko, wa taka zinazochomwa au wa moto unaoteketeza paa. Anayeuona moshi hajajua bado ni upi kati ya hiyo mitatu. Na hata alama ya kweli si lazima iwe utambuzi, kwani utambuzi huhitaji alama hiyo ionekane kwa wenye hali inayotafutwa na isionekane kwa wengine. Mambo haya matatu, yaani alama, sababu na utambuzi, huchanganywa katika matangazo ya vipimo, na mchanganyo huo ndio unaomgharimu mzazi.

Tumaini lilikotoka

Itakuwa dhuluma kudai kwamba fikra ya kutafuta habari za ubongo katika mkojo ni ya kitapeli. Ina nasaba ya heshima. Mwaka 1934 mama mmoja wa Norway, mwenye watoto wawili waliodumaa kiakili, alimwendea daktari Asbjørn Følling, ambaye alikuwa amesomea kemia kabla ya udaktari. Mama huyo alikuwa amezunguka kwa matabibu wengi, akishikilia kuwa watoto wake wana harufu isiyo ya kawaida. Følling alitia kloridi ya chuma katika mkojo wao, kipimo cha kawaida cha siku zile ambacho huweza kuleta wekundu wa kahawia. Mkojo uligeuka kijani. Baada ya kazi ndefu ya maabara aligundua kuwa rangi ile ilitokana na asidi ya fenilpiruviki, na kwamba miili ya watoto hao haikuweza kuivunja fenilalanini, mojawapo ya viambajengo vya protini. Hali hiyo ndiyo iitwayo fenilketonuria.

Yafaa kukaa kidogo juu ya kisa hiki, maana ndani yake mna kila kitu ambacho vipimo vya baadaye vilikosa. Kemikali iliyopatikana ilikuwa moja na ilijulikana kwa jina. Njia iliyoharibika mwilini ilielezeka. Na muhimu zaidi, ugunduzi ulizaa tiba: mwaka 1953, huko Birmingham nchini Uingereza, Horst Bickel na wenzake walimlisha mtoto mmoja chakula chenye fenilalanini kidogo, naye akaonyesha nafuu. Katika miaka ya 1960 Robert Guthrie wa Marekani aliwezesha watoto wachanga kupimwa kwa tone la damu la kisigino. Watoto wengi wa zamani wenye fenilketonuria ambao hawakutibiwa walikuwa na tabia ambazo leo zingeitwa za usonji. Kwa hiyo kuna watoto ambao usonji wao ulikuwa na sababu iliyoonekana katika mkojo, na sababu hiyo ikazuilika.

Si fenilketonuria peke yake. Mwaka 1984 madaktari wa Ubelgiji walieleza upungufu wa kimeng'enya kiitwacho adenilosaksineti liasi, walioupata kwa watoto wenye dalili za usonji, na dutu zake hupatikana katika mkojo. Upo pia upungufu wa kreatini katika ubongo, ambao namna zake baadhi hutambulika kwa kupima mkojo na hutibika kwa kumpa mtoto kreatini yenyewe. Hizi zote ni hali nadra. Fenilketonuria hasa ni nadra sana miongoni mwa Waafrika. Zikijumlishwa pamoja, zinaeleza sehemu ndogo tu ya watoto wenye usonji.

Njia zilizopotea

Mafanikio hayo yaliwatia hamu watafiti waliotaka kuupata usonji wenyewe, wala si maradhi nadra yanayofanana nao. Mwaka 1979 Jaak Panksepp alipendekeza kwamba huenda usonji unahusiana na wingi wa dutu zifananazo na afyuni katika ubongo. Kutoka hapo Kalle Reichelt wa Norway, na baadaye Paul Shattock wa Sunderland nchini Uingereza, walidai kuwa vipande vya protini za maziwa na ngano ambavyo havikusagwa vyema tumboni hupenya hadi kwenye damu, vikaulevya ubongo, kisha vikatoka na mkojo. Grafu za mikojo zilionyesha vilele ambavyo walivitafsiri kuwa ndivyo vipande hivyo. Nadharia ilipendeza. Ilieleza matatizo ya tumbo ya watoto hao, ilieleza kutoumia kwao upesi, na ilimpa mzazi jambo la kufanya siku hiyo hiyo jikoni mwake.

Kasoro ilikuwa kwamba kilele kwenye grafu si jina la kemikali. Mwaka 2008 watafiti wa London walichapisha uchunguzi wa wavulana 65 wenye usonji na watoto 158 wasio nao. Grafu za makundi hayo mawili hazikutofautiana kwa namna ya maana, na mikojo ilipopitishwa kwenye mashine inayopima uzito wa molekuli, vile vipande vya afyuni havikupatikana kabisa. Mapitio ya tafiti kuhusu mlo usio na ngano wala maziwa yaliyotolewa mwaka huo huo nayo yalikuta ushahidi hafifu wa manufaa yake.

Njia ya pili ilikuwa na hatari kubwa zaidi. Mwaka 2006 watafiti wa Ufaransa waliripoti kuwa watoto wenye usonji hutoa porifirini nyingi katika mkojo, wakahusisha jambo hilo na metali zenye sumu kama zebaki. Porifirini hupanda kwa sababu nyingi. Hata hivyo matokeo ya namna hiyo yalitumiwa kuhalalisha dawa za kuondoa metali mwilini, ambazo tayari zilikuwa zikitolewa kwa watoto hao. Mwaka 2005 mvulana wa miaka 5 mwenye usonji alifariki Pennsylvania, Marekani, akitiwa dawa ya aina hiyo mshipani: kalsiamu ya damu ilishuka na moyo ukasimama. Mwaka 2008 taasisi ya taifa ya afya ya akili ya Marekani iliuacha mpango wa kuijaribu tiba hiyo kwa watoto. Kipimo kisicho na madhara, cha chupa ndogo ya mkojo tu, kinaweza kuwa mlango wa tiba inayoua.

Kinachoonekana kweli

Baada ya njia hizo kupotea, utafiti haukukoma, bali ulibadili mbinu. Badala ya kutafuta kemikali moja, watafiti walianza kuupima mkojo kwa ujumla wake. Mwaka 2010 Ivan Yap na wenzake wa Chuo cha Imperial, London, walitumia mwangwi wa sumaku wa viini vya atomi kuchunguza mikojo ya watoto 39 wenye usonji, ndugu zao 28 na watoto wengine 34. Ndugu waliingizwa kwa hekima, maana wanakula chungu kimoja. Wasifu wa mikojo ulitofautiana, hasa katika dutu zinazotengenezwa kwa ubia wa mwili na bakteria wa utumbo, kama vile hipureti. Mwaka 2011 watafiti wa Italia wakaripoti kuwa watoto wadogo wenye usonji, wa chini ya miaka 8, hutoa parakresoli nyingi kuliko wenzao. Nayo hutengenezwa na bakteria wa utumbo pia. Mapema zaidi, mwaka 2005, uchunguzi wa Ufaransa ulikuwa umeonyesha upungufu wa mabaki ya melatonini katika mkojo wa usiku, jambo ambalo halitamshangaza mzazi yeyote aliyekesha na mtoto asiyelala.

Tofauti zipo, basi. Swali ni zinatoka wapi, na hapa jiko la Mkomani lina la kusema.

Hipureti huongezeka mwilini kwa matunda, kwa chai na kwa kihifadhi cha benzoeti kinachotiwa katika soda. Mtoto mmoja hula embe na mapapai ya soko la Kongowea na kunywa chai ya rangi kila asubuhi. Mwenzake mwenye usonji amekataa kila kitu ila wali mweupe na mkate, kwa kuwa rangi, harufu au ugumu wa vyakula vingine humuudhi. Mikojo yao itatofautiana hata kama miili yao inafanya kazi sawa. Parakresoli nayo hupanda mtu anapofunga choo, na kufunga choo ni kawaida kwa mtoto asiyegusa mboga. Kwa maneno mengine, yawezekana mkojo hauelezi kilichosababisha usonji, bali unaeleza mtoto mwenye usonji anakula nini. Uchunguzi mkubwa wa Australia uliochapishwa mwaka 2021, uliohusu watoto 247, ulielekea upande huo: uchaguzi finyu wa chakula ndio uliopunguza aina za bakteria tumboni, wala haikuonekana kuwa bakteria ndio walioleta usonji. Uchunguzi huo ulipima kinyesi, si mkojo, lakini hoja yake inazigusa alama zote za mkojo zinazotoka kwa bakteria.

Kuna kikwazo kingine ambacho hakitajwi sana katika vipeperushi. Mkojo wa mtu aliyekunywa maji mengi ni mwepesi, na wa aliyeshinda juani wakati wa kaskazi ni mzito. Ili kulinganisha, maabara hugawa kiasi cha kila kemikali kwa kiasi cha kreatinini, ambayo hutokana na misuli na hudhaniwa kutoka kwa kadiri isiyobadilika. Lakini mwaka 2006 ulichapishwa uchunguzi uliodai kuwa kreatinini yenyewe ni pungufu katika mkojo wa watoto wenye usonji. Kama ndivyo, kigawanyo kikiwa kidogo, jibu la kila hesabu hukua. Kemikali kadhaa zitaonekana zimezidi kwa mpigo mmoja, ilhali hakuna hata moja iliyozidi.

Hesabu ya watoto elfu moja

Ichukuliwe kwamba vikwazo hivyo vyote vimeondolewa na pamepatikana kipimo kizuri, kinachowagundua watoto 80 kati ya kila 100 wenye usonji na kuwaachilia 80 kati ya kila 100 wasio nao. Ichukuliwe pia kwamba mtoto mmoja katika kila 100 ana usonji, makisio ambayo Shirika la Afya Duniani limeyatumia kwa miaka kadhaa. Wakipimwa watoto 1,000 wa Mkomani na Kongowea, wenye usonji watakuwa 10, na 8 kati yao watagunduliwa. Wasio na usonji ni 990. Kati yao 198 wataambiwa wanao. Jumla ya wazazi watakaopewa habari hiyo ni 206, na waliopewa habari ya kweli ni 8. Hao ni chini ya 4 katika kila 100.

Kipimo hicho bado chaweza kumfaa mtafiti. Kwa mzazi hakifai. Ndiyo sababu hadi leo usonji hutambuliwa kwa kumtazama mtoto, kumhoji mzazi na kufuatilia ukuaji wake. Hakuna kipimo cha mkojo wala cha damu kilichokubaliwa na taaluma kwa kazi hiyo.

Hali ya pwani

Usonji barani Afrika ulianza kuandikwa kitaaluma mapema kiasi. Victor Lotter alichapisha mwaka 1978 matokeo ya uchunguzi wake katika miji tisa ya Afrika, Kenya ikiwemo. Mwaka 2006 watafiti waliochunguza watoto 20 nchini Tanzania waliwataja baadhi ambao dalili zao zilionekana mara tu baada ya kupona malaria kali. Jambo hilo lina uzito wa pekee katika pwani hii, kwani linakumbusha kuwa maswali ya Ulaya si lazima yawe ndiyo maswali ya Mombasa.

Kilifi, mwendo wa saa moja na ushei kutoka Mkomani, pana kituo cha utafiti cha Taasisi ya Utafiti wa Kimatibabu ya Kenya na Wellcome Trust kilichoanzishwa mwaka 1989. Mwaka 2015 Joseph Gona na wenzake walichapisha mahojiano na watu 103 wa pwani: wazazi, walimu wa elimu maalumu, matabibu na wahudumu wa jamii. Sababu za usonji zilizotajwa ziligawanyika pande mbili. Upande mmoja walikuwako pepo wabaya, uchawi na laana. Upande wa pili maambukizi, matatizo ya uzazi, utapiamlo, dawa za kulevya na urithi. Wazazi walikuwa wamekwenda kwa waganga, wamesali, na wamefika hospitali, mara nyingi mtoto mmoja akipitishwa kotekote. Kipimo cha mkojo kinachouzwa kwa lugha ya sayansi huingia katika safari hiyo kama kituo cha nne. Kina adabu ya maabara, lakini kwa mzazi aliyekwisha kulipia kombe na ubani kazi yake ni ile ile: kumtajia adui aliyejificha.

Madhara yake hayaishii mfukoni. Mtoto aliyekwisha kukataa vyakula vingi akinyimwa maziwa na ngano, huenda akabaki bila ya kitu. Ni kweli kwamba mapishi ya Waswahili yana akiba: vitumbua na mkate wa kumimina ni vya mchele, muhogo wa nazi hauhitaji ngano wala maziwa ya ng'ombe, na tui si maziwa japo jina lake katika lugha nyingine huwapotosha wasomaji wa orodha za milo. Familia inayoamua kuondoa mahamri, chapati na maziwa inaweza kuishi. Lakini kalsiamu na protini lazima zitoke mahali, kama dagaa, samaki, kunde na ufuta, na mtoto asiyekubali dagaa hatawakubali kwa kuwa cheti cha maabara kimeamuru.

Wakati ndio hasara kubwa zaidi. Miezi inayopita kati ya kutuma chupa, kungoja majibu, kununua virutubisho na kungoja nafuu ni miezi ya umri ambamo mtoto angefundishwa kuomba maji kwa ishara, kuvumilia zamu, kuvaa shati. Nchini Kenya vituo vya serikali vya kuwapima watoto kwa ajili ya elimu maalumu vilianzishwa mwaka 1984, na Jumuiya ya Usonji ya Kenya iliundwa mwaka 2003 ikashirikiana na Shule ya Msingi ya City, Nairobi, kufungua kitengo cha watoto hao. Huduma ni haba, na foleni ni ndefu, lakini hapo ndipo mtoto anapopata kitu.

Mkojo unapofaa kupimwa

Haimaanishi kwamba daktari hana haja na chupa ya mkojo. Mtoto anayepoteza maneno aliyokuwa nayo, anayepatwa na kifafa, anayetapika au kulegea kila apatapo homa, mwenye harufu isiyoelezeka kama wale wa Følling, au aliyezaliwa na wazazi wa ukoo mmoja, jambo ambalo katika baadhi ya familia za pwani si la ajabu, anastahili kuchunguzwa kama ana hitilafu nadra ya umetaboli. Kipimo cha namna hiyo hutafuta kemikali yenye jina, kwa swali lililoandikwa na daktari kabla ya mkojo kukingwa. Kabla yake hutangulia mambo mepesi: masikio yapimwe, kwani kiziwi hudhaniwa msonji, na tezi ya shingo iangaliwe.

Namna ya kuukinga nayo ina kanuni zake. Mkojo wa kwanza wa alfajiri ndio mzito na ndio unaolinganishika vyema. Dawa zote za juma hilo zitajwe, hasa viuavijasumu, kwa kuwa hubadili bakteria na mabaki yao. Chupa iwekwe kwenye barafu mara moja, kwa maana katika joto la Mombasa bakteria huzaliana ndani yake kwa saa chache na kuandika habari zao wenyewe juu ya zile za mtoto. Chupa iliyosafiri siku tatu kwenda ng'ambo bila ya barafu hufika ikiwa na kemikali nyingi za kusomeka, na maabara itazisoma zote, kisha itazilinganisha na viwango vilivyowekwa kwa watoto wa Ulaya na Marekani, ambao hawajapata kuonja mbaazi za nazi.